Kisukumio Kisicho na Mkwaruzo

Mwanangu Zakayo,

Salamu nilikupa asubuhi ulipokuwa unakunywa chai, kwa hiyo hapa sitazirudia. Wewe na mama yako na dada zako mko kanisani mnaagana na watu, nami nimesema goti linaniuma nikabaki. Goti haliumi. Nimekaa bandani nyuma ya laini ya vyumba vya wafanyakazi, kwenye benchi langu la zamani, na penseli nimeishika kwa kidole gumba na kidole cha pete kama unavyojua, kwa hiyo maandishi yakilala upande usinicheke. Nikisema nawe ana kwa ana ninakuwa mkali. Mama yako anasema mimi huanza na neno la upendo nikamaliza na ugomvi juu ya jembe lililoachwa kwenye mvua. Ni kweli, basi. Karatasi hainijibu, labda leo nitafika mwisho bila kukugombeza.

Mambo ya blanketi, kwinini, sabuni na kutuandikia, mama yako ameshakuambia, na kesho atakuambia tena lori likiwa linanguruma. Hayo mimi nayaacha. Nina neno moja tu, nalo ni la mikono yako.

Kesho unapanda msituni juu ya Elburgon kushika msumeno wa meza, na huendi kwa kupenda. Wewe unajua, mimi najua, ila humu ndani hakuna aliyelitaja. Meneja aliniita ofisini mwezi uliopita. Akasema watu waliokuwa kwenye msumeno wa kule juu walipakiwa kwenye malori ya serikali asubuhi moja, kwa ajili ya hii hali ya hatari, na mashine imekaa bure. Akasema chumba tunachokaa hapa yadi ya mbao ya Nakuru ni chumba cha mtu wa msumeno, na mimi siku hizi ni mtu wa fagio. "Una kijana mkubwa, Elisha. Akienda, mnakaa. Asipoenda, nataka chumba." Hakupaza sauti, hata alitabasamu. Mimi nilikuwa nimeshika kofia, nikamjibu, "Ndiyo, bwana." Jioni nilikuambia ukiwa unaosha miguu nje. Ukasema, "Sawa, baba," ukaendelea kuosha.

Ile sawa yako ninayo mpaka leo. Ulikuwa umeanza kujifunza uashi na ulikuwa unaupenda, nami nilifurahi moyoni kwa sababu mawe hayana meno. Wiki ile ile ukaenda kumrudishia fundi wako mwiko wake. Hukununa. Afadhali ungenuna, ningepata mtu wa kugombana naye.

Usidhani sikutafuta njia nyingine. Nimelizunguka jambo hili mpaka kichwa kikaniuma. Nyumbani Maragoli shamba la babu yako limegawanywa na kugawanywa tena. Ukitupa ganda la ndizi linaangukia kwa jirani. Hapa mjini mtu asiye na kazi hana ruhusa hata ya kulala, na askari siku hizi wanagonga milango kuuliza karatasi. Dada zako wako shuleni na wanasoma vizuri. Ukikosa chumba unakosa anwani, ukikosa anwani unakosa shule, ukikosa kazi unakosa vyote. Kila nilikogeuka nilikuta ukuta, na palipokuwa na mlango nilikukuta wewe umesimama. Nakuambia bila kuficha, Zakayo, nimebanwa na sijui kujinasua.

Sasa fungua sanduku lako. Chini ya blanketi kuna visukumio vitatu. Ukivitazama utafikiri nilivitengeneza nikiwa mlevi. Kimoja mpini wake umekaa kombo, kingine kina doa la gundi ubavuni, cha tatu hata msasa sikukipigia. Dada yako mdogo, ambaye ataisoma barua hii kwa siri kabla yako, aelewe kwamba kisukumio ni kibao kidogo kilicholala, chenye mpini juu na kisigino nyuma. Kisigino kinaishika ncha ya mbao. Mkono unakaa juu kwenye mpini. Hivyo unaisukuma mbao ipite kwenye msumeno mpaka mwisho, na kidole hakikaribii meno. Sasa arudishe barua mahali pake.

Nimevifanya vibaya kwa makusudi. Hadithi ya vidole vyangu unaijua jinsi mama yako anavyoisimulia, akicheka mpaka anashika ubavu. Leo isikie kwangu, maana yeye hakuwepo.

Kulibaki kipande cha mti mwekundu kwenye kabati tulilomtengenezea mke wa daktari. Mti wenyewe ulikuwa mzuri, una mistari midogo ya rangi ya asali. Nikasema nitajitengenezea kisukumio cha kuonewa wivu. Nilikichonga jioni baada ya jioni. Mpini niliupinda kama wa randa, ukajaa kiganjani sawasawa, kisha nikakipaka nta na kukisugua kwa kitambaa mpaka kikang'aa. Mafundi wa yadi nyingine walikuja kukishika tu. Meneja wa wakati ule alikionyesha kwa wageni. Nami nilikuwa najifanya sijali, lakini nilikuwa nakilaza kwenye shuka yangu kila nikimaliza kazi. Mama yako aliniuliza kama nitakinunulia na viatu.

Basi kitu chenyewe ni hiki. Unapopasua ubao mpana, msumeno unapita mbali na kisukumio, haukigusi. Unapopasua ufito mwembamba, hakuna nafasi. Msumeno lazima upite ndani ya kisukumio chenyewe, ukikate tumbo na kisigino. Ndiyo kazi yake. Mimi sikutaka kikatwe. Kwa hiyo kwenye mbao pana nilikuwa natumia kisukumio changu kizuri, watu wakinitazama, na kwenye fito nyembamba nilikuwa nakiweka rafuni natumia vidole. Nilikitumia mahali ambapo hakikuhitajika. Nilifanya hivyo muda mrefu, na hakuna aliyeniambia mimi ni mjinga, kwa sababu wote walikuwa wanakionea huruma kisikwaruzwe.

Siku yenyewe tulikuwa tunapasua fito za madirisha. Kwa mara ya kwanza nikasema leo nitakitumia, fito hizi ni nyembamba mno. Nikasukuma vizuri hadi karibu na mwisho. Kisha nikaona meno yanakaribia kuingia kwenye ule mti mwekundu. Mkono wangu ulifanya wenyewe, Zakayo. Nilikiinua. Ufito ukakosa wa kuushika ukaanza kurukaruka, nikakihamishia mkono wa kushoto, na ule wa kulia ukashuka kuukamata ufito. Sikusikia maumivu mwanzoni. Jambo la kwanza nililofanya ni kukitazama kisukumio kama kimekwaruzwa. Hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Niliporudi kutoka hospitali mama yako alikuwa ameshakipikia ugali. "Kimewaka vizuri," aliniambia. "Mti mzuri kweli." Mpaka leo mtu akiuliza vidole vya mume wake viko wapi, yeye hujibu kwamba mume wake aliokoa kipande cha kuni.

Mkulima hawezi kufanya kosa kama lile, wala mpishi, wala karani. Ni kosa la seremala. Anakipenda alichokitengeneza kuliko mikono iliyokitengeneza. Wewe una jicho hilo hilo, nimekuona ulivyokuwa unatazama mawe uliyochonga. Kwa hiyo sikukupa kizuri hata kimoja. Nataka ukiona meno yanaingia ndani ya kibao changu usihuzunike hata kidogo, sukuma tu mpaka mbao ipite.

Vikiisha, tengeneza vingine. Chukua mbao laini, podo au saipresi, kutoka kwenye rundo la vipande vya kutupwa. Mtarakwa uache, unanukia vizuri lakini unapasuka ghafla, na kisukumio kikipasuka mkono unaanguka. Tafuta kipande ambacho nyuzi zake zimenyooka na hakina jicho la tawi. Kisigino kifanye kifupi kuliko unene wa mbao unayosukuma, la sivyo kitakwama kwenye meza. Mpini uuweke uelekee mbele kidogo, ili ukisukuma uwe pia unakandamiza. Mbao isipokandamizwa huinuka, na ikiinuka ndipo balaa. Tumia gundi na vijiti vya mti. Usipige msumari humo hata siku moja. Siku meno yatakapoukuta huo msumari utakuja usoni mwako. Kisigino kikishaliwa nusu usikifanyie hesabu kwamba kitafaa kwa leo tu. Kitupe jikoni.

Na ukitaka kujua ni wakati gani wa kukishika, weka shubiri yako mezani. Kama kati ya msumeno na kile chuma cha kuongozea mbao hapaingii shubiri, hapo si mahali pa mkono.

Kule juu watakupa mbao mbichi, mti umeangushwa juzi bado unatoa maji. Mbao mbichi ikipasuliwa hujifunga nyuma ya msumeno ikaubana. Utasikia mashine inabadilika sauti, inakuwa nzito. Hapo kila mtu hutaka kuivuta mbao nyuma. Usivute, maana itarudi yenyewe kwa nguvu usiyoiweza. Simama kando, wala usisimame kwenye njia yake kamwe, na mwambie mwenzako atie kabari kwenye ufa ili ufunguke. Nilipokuwa kijana nilidhani hatari ni kwenye meno tu. Mtu niliyefanya naye kazi alivunjwa mbavu na mbao ambayo meno yalikuwa yameshamaliza kuikata.

Ningeweza kuishia hapo, ningekuwa nimekufundisha kazi na baba mwingine angetosheka. Lakini kuna jambo jingine, na ndilo lililonibakisha nyumbani leo.

Wiki hii Wanyonyi, yule dereva wa lori la magogo, alikuja yadini kupakua. Nilimshikia ubao wa kuteremshia nikamuuliza kama kule juu wanatumia visukumio. Alinitazama kwanza.

"Mzee, nyapara wa kule alivitia motoni. Anasema vinachelewesha kazi."

"Na watu wanasukuma na nini?"

"Na mikono ile Mungu aliwapa."

"Kuna aliyeumia?"

Wanyonyi akaanza kufunga kamba ambayo ilikuwa imeshafungwa. "Kuna mmoja amefunga kitambaa," akasema. "Mwingine nilimteremsha mimi mwenyewe mpaka hospitali, Molo. Lakini kijana wako ana akili, mzee. Atajiangalia." Kisha akaniomba kiberiti, nikajua hataki kusema zaidi.

Usimchukie sana huyo nyapara. Naye ana chumba chake mahali, na mtu aliyemwambia asipotoa mbao nyingi atoke. Huku kwetu kila mtu amekamatwa na aliye juu yake, na anamkamata aliye chini. Anza naye kwa heshima. Fanya kazi kwa kisukumio bila kubishana mbele ya watu, na umwonyeshe jioni rundo lako. Mtu asiyeogopa vidole vyake husukuma kwa mwendo mmoja, hasiti, na mwisho wa siku amepasua zaidi kuliko wenzake. Pengine ataona. Wapo wanaoona. Akikichoma kimoja, toa cha pili. Akichoma vyote, rundo la vipande liko pale pale, na gundi nimekuwekea kwenye mkebe wa kahawa.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimepanga kukuambia, na ningelala salama. Jana nikiwa nabana kile cha tatu kwa kamba mama yako akaingia bandani kuchukua maranda ya kuwashia moto. Alisimama akinitazama.

"Na huyo nyapara akivichoma?" akauliza. Wanyonyi alikuwa amemwambia pia, hawezi kuficha kitu yule.

"Zakayo atatengeneza vingine."

"Na akimkataza kabisa?"

Nikaendelea kufunga kamba.

"Elisha, nimekuuliza."

"Sasa tufanyeje, Rebeka? Chumba tutakipata wapi? Watoto watasoma wapi? Nimewaza kila upande, hakuna njia. Atajiangalia. Ana akili."

Aliweka chini debe la maranda. Safari hii hakucheka, na unajua mama yako anavyoweza kucheka hata matangani. Akasema polepole, "Wewe ulikiinua kisukumio kisikwaruzwe. Sasa unakiinua chumba."

Akachukua debe lake akatoka. Mimi niliketi juu ya magogo. Nilitaka kumjibu kwamba chumba si kipande cha kuni, chumba ni maisha ya watu watano. Nilikitazama kwa nje, ule ukuta wa mabati, ule mlango nilioutengeneza mwenyewe kwa mbao za kutupwa nikaupaka rangi ya kijani, yale maua ya mama yako kwenye mikebe. Ninakipenda, Zakayo. Watu hunisifu kwa mlango ule. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana nilijua mkono wangu ulikuwa umeshaanza kufanya wenyewe, na safari hii mkono ulio chini ni wako.

Usiku tukaongea, mimi na yeye, tukinong'ona msiamke. Sitakudanganya kwamba tumepata njia nzuri. Ukiteremka na chumba kikatutoka, dada zako watakwenda kwa shangazi yako Kisumu, nao watalia, na mdogo huenda akapoteza mwaka. Mimi na mama yako tutakwenda Maragoli tulale jikoni kwa ndugu yangu, na mke wa ndugu yangu unamjua ulimi wake. Kazi sitapata tena, nani anamwajiri seremala wa vidole vitatu. Ni maisha mabaya. Tumeyatazama tukayaona ni mabaya, na tumekubali yatupate. Mama yako amekwisha kuomba magunia kwa mwenye duka na ameyakunja chini ya kitanda. Alikuwa ameyaomba siku ile ile Wanyonyi alipomwambia, kabla hata ya kuniuliza.

Kwa hiyo ile sawa uliyoniambia ukiosha miguu nakurudishia. Nenda, ujaribu, ufanye kazi kwa bidii, pengine mambo yatakuwa mema tukakaa hapa miaka mingi na maua ya mama yako. Lakini usiende kama mtu aliyefungwa kamba na chumba hiki. Siku nyapara atakapokuambia sukuma kwa vidole, usimtukane na usimjibu. Toa mkanda wa mashine kwenye gurudumu, ungoje mpaka msumeno usimame kabisa, maana hata ukizunguka polepole bado unakata. Chukua sanduku, mngoje Wanyonyi barabarani, uteremke. Usituandikie kwanza kutuuliza kama ni sawa. Nimeshasema ni sawa.

Meneja atapata habari kabla hujafika, wana simu. Ukifika yadini pengine utatukuta tumeshatolewa, tumeketi nje ya geti na masufuria na mikeka, na majirani wanatazama. Usianze kutuomba msamaha hapo mbele ya watu, mama yako atakukasirikia. Kishike kitanda chake upande wa kichwani. Ni cha mvule, nilikitengeneza mwenyewe, na mimi siwezi tena kukiinua. Kinataka mtu mwenye vidole vyote.

Ni mimi baba yako,
Elisha